Pufya ilinaswa barabarani, si maabarani

Mwanariadha wetu akipatikana na pufya, sisi wote hukimbilia jina lake. Amefungiwa miaka mingapi, medali anarudisha ama harudishi. Sawa. Lakini hebu niulize: EPO haipikwi Iten, si ndio? Iliingiaje?

Swali hili lina historia. Asubuhi ya Julai 8, 1998, watu wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari huko Neuville-en-Ferrain, mpakani na Ubelgiji. Gari lilikuwa na nembo za Tour de France kabisa! Dereva, Willy Voet, alikuwa mkandaji misuli wa timu ya baiskeli ya Festina. Alikuwa ameacha barabara kuu akapitia njia ya vichochoroni. Ndani kulikuwa na EPO, homoni za ukuaji, testosteroni na amfetamini, dozi kwa mamia. Akajitetea kwamba ni zake mwenyewe. Za mtu mmoja, bana?

Sasa sikiza. Wakati huo hakukuwa na kipimo cha EPO. Kilikuja kutumika mara ya kwanza kwenye Olimpiki za Sydney, 2000. Waendesha baiskeli walikuwa wanapimwa mkojo na kutoka safi, mwaka baada ya mwaka. Kilichowaumbua ni afisa aliyefungua gari na kuuliza bidhaa hii ni ya nini na karatasi ziko wapi.

Julai 17 Festina ikatimuliwa. Polisi wakaingia hotelini, waendeshaji wakagoma barabarani, na kati ya 189 walioanza mashindano, 96 tu ndio walimaliza. Februari 1999 wakubwa wa michezo wakakutana Lausanne, na Novemba hiyo WADA ikaundwa. Yaani shirika linaloweka kanuni za kupima wakimbiaji wetu leo lilizaliwa kwa sababu ya gari moja kusimamishwa mpakani.

Huku kwetu tulipata sheria ya kupambana na pufya 2016, baada ya presha nyingi. Rita Jeptoo na Asbel Kiprop walipigwa marufuku kwa EPO hiyo hiyo. Na hapa ndipo kazi ya forodha ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu EPO si bangi. Ni dawa halali. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu huihitaji ili damu isipungue, na huwa inawekwa kwenye baridi. Sanduku likifika JKIA na vibali vyake, afisa hana sababu ya kulizuia, na akilizuia ovyo kuna mgonjwa atakosa sindano yake.

Kwa hivyo kufungua mizigo pekee hakutoshi. Inabidi sanduku lifuatwe baada ya kutoka uwanja wa ndege: liliagizwa na nani, vichupa vingapi vilifika hospitali, vingapi viliishia kwa duka la dawa, na nani alivichukua bila cheti cha daktari. Voet alikuwa mbeba mizigo tu. Kesi ilipofika mahakamani Lille mwaka 2000, mkurugenzi wa timu pia alipatikana na hatia. Hapa kwetu nataka kesi zaidi zianzie kwa sanduku, zipande hadi kwa aliyeliagiza.