Kufungiwa na Rufaa katika Michezo ya Mtandaoni

Kufungiwa ni adhabu ya kumzuia anayeshukiwa kwa udanganyifu kucheza mtandaoni. Rufaa ndiyo njia yake ya kujitetea.

 Kwenye ubao wa kawaida wa sataranji, mwamuzi humwona mchezaji ana kwa ana. Katika mashindano ya sataranji ya Kenya Open jijini Nairobi, Aprili 2023, mwanamume aliyejisajili katika kitengo cha wanawake akiwa amevaa niqabu alihojiwa na waamuzi, akakiri, akaondolewa.

Mtandaoni hakuna uso wa kuhoji. Tovuti ya sataranji ya Chess.com hulinganisha hatua za mchezaji na zile ambazo kompyuta ingechagua. Mfumo wa VAC wa kampuni ya Valve, ulioanza 2002, husaka programu za udanganyifu, na adhabu yake ni ya kudumu. Hata hivyo mashine hukosea: Julai 2010, wachezaji takriban 12,000 wa Call of Duty: Modern Warfare 2 walifungiwa na VAC bila hatia. Valve iliwafungulia, ikawaomba radhi na kuwapa mchezo wa Left 4 Dead 2 bure.

Udhaifu mkubwa ni kwamba kampuni huwa mshtaki na hakimu, tena huficha ushahidi ili wadanganyifu wasijifunze kukwepa. Asiye na kosa hubaki hajui ajibu nini.

Hata hivyo, nchini Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamruhusu mtu aliyeathiriwa pakubwa na uamuzi wa mashine pekee kuomba uangaliwe upya.