Tartuffe Katika Majukwaa ya Ufaransa, 1664–2022

Katika michezo yote ya Molière hakuna uliomsumbua mtungaji wake kuliko Tartuffe, wala hakuna uliochezwa mara nyingi zaidi katika Comédie-Française, ukumbi wa taifa ulioundwa mwaka 1680: hesabu yake imepita mara 3,000. Kisa chenyewe ni chepesi. Orgon, tajiri wa Paris, amemkaribisha nyumbani mwake mtu aitwaye Tartuffe, ambaye uchaji wake wa Mungu ni wa ulimi tu. Kwa kupumbazwa naye, Orgon amfukuza mwanawe, ampa mgeni mali yake, na ataka kumwoza binti yake. Hata siku moja, akiwa amejificha chini ya meza, asikia kwa masikio yake jinsi mgeni huyo anavyomtongoza mkewe, Elmire. Wakati huo nyumba si yake tena.

Mchezo ulionyeshwa kwanza mbele ya Mfalme Louis wa 14 huko Versailles, tarehe 12 Mei 1664, ukiwa na sehemu 3. Mfalme hakuuchukia, lakini alikataza usichezwe hadharani. Mwaka huo huo padri Pierre Roullé aliandika kwamba mtungaji wake astahili kuchomwa moto. Ukali huu usitufanye tuidharau hoja ya wapinzani. Mchaji wa kweli na mchaji wa uongo hupiga magoti namna moja na husema maneno yale yale. Basi akichekwa mmoja, wa pili atasalimikaje?

Molière aliijibu hoja hiyo kwa kuubadili mchezo. Tarehe 5 Agosti 1667 aliuonyesha Paris, katika ukumbi wa Palais-Royal, kwa jina la L'Imposteur, yaani Ayari. Tartuffe aliitwa Panulphe, akavikwa mavazi ya muungwana wa mjini: kofia ndogo, nywele ndefu, ukosi mpana, upanga na lesi. Hayo yote hayakufaa kitu. Kesho yake Lamoignon, mkuu wa Mahakama Kuu ya Paris, aliupiga marufuku, kwani mfalme alikuwa vitani Flanders. Molière aliwatuma wachezaji wake wawili, La Grange na La Thorillière, wamfuate mfalme huko Lille wakamwombee. Lakini tarehe 11 Askofu Mkuu Péréfixe akawakataza waumini wa jimbo lake kuucheza, kuusoma au kuusikiliza, na mwenye kukaidi atengwe na Kanisa.

Ruhusa ilipatikana tarehe 5 Februari 1669, baada ya ugomvi uliokuwa ndani ya Kanisa la Ufaransa kutulia. Watu walisongamana, na daftari la La Grange laonyesha mapato ya livre 2,860 kwa siku hiyo moja. Du Croisy alicheza Tartuffe, na Molière mwenyewe Orgon. Mchezo sasa ulikuwa na sehemu 5, na katika muundo wake mambo mawili yafaa kuangaliwa. La kwanza, Tartuffe haonekani mpaka sehemu ya 3. Katika dibaji yake Molière alieleza kwamba alizitumia sehemu mbili nzima kumtayarishia njia mwovu huyo, ili mtazamaji asiwe na shaka naye hata kidogo. La pili, mwishoni afisa wa mfalme aingia, amkamata Tartuffe, na Orgon arudishiwa mali yake. Shaka imeondolewa mwanzoni, na hofu imeondolewa mwishoni. Hiyo ndiyo ngao ambayo mchezo uliingia nayo katika kumbi za Ufaransa.

Kwa muda mrefu ngao hiyo ilitumika pia kama silaha. Wakati wa Mfalme Charles wa 10, wahubiri wa Kikatoliki walipokuwa wakizunguka mijini kuirudisha Ufaransa kwenye dini, watazamaji wa miji mingi walidai waonyeshwe Tartuffe. Na huko Rouen mwaka 1825 madai hayo yalizusha ghasia. Waliodai hawakuwa na shaka ni nani aliyekusudiwa.

Karne ya 20 iliirudisha shaka. Mwaka 1950, katika ukumbi wa Athénée, Louis Jouvet alimcheza Tartuffe si kama laghai wa wazi, bali kama mtu mzito mwenye huzuni, ambaye huenda imani yake si uongo mtupu. Mwaka 1962, huko Villeurbanne, Roger Planchon alilihamisha swali kutoka kwa mdanganyifu hadi kwa mdanganywa: Orgon, bila kujijua, amempenda mgeni wake. Mwaka 1995 Ariane Mnouchkine aliupeleka mchezo katika mazingira ya Kiislamu ya upande wa Mediterania, wakati Aljeria ilipokuwa ikiteketea kwa vita vya ndani. Kisha tarehe 15 Januari 2022, miaka 400 tangu Molière abatizwe, Comédie-Française ilionyesha mchezo wa sehemu 3, kama mtaalamu Georges Forestier alivyojaribu kuurudisha katika hali ya 1664, chini ya uongozi wa Ivo van Hove. Humo afisa wa mfalme hayumo, na Orgon hana wa kumwokoa.

Katika Kifaransa jina tartuffe limekwisha kuwa nomino ya kawaida. Mchezo ulipofasiriwa kwa Kiswahili uliitwa Mnafiki: jina la mtu likaachwa, ikashikwa tabia yake. Neno hilo, lililotoka katika Kiarabu, lina uzito wa hukumu ya dini, nalo lamhukumu Tartuffe kabla pazia halijafunguliwa. Kwa hiyo laafikiana barabara na dibaji ya 1669. Lakini mchezaji wa Kiswahili atakayetaka kuifuata njia ya Jouvet itambidi kwanza ashindane na jina la mchezo wenyewe.