Maswali Yaliyojibiwa Kabla ya Kuulizwa

Watu wa kila nchi wana mchezo wao wa kupimana akili kwa maswali. Kwetu mmoja husema "Kitendawili!" na wenzake huitika "Tega!", na wanaoshindwa kukitegua hawana budi kumpa mji ndipo awaambie jibu. Mchezo huu hauna fedha, lakini una sharti moja kubwa, nalo ni kwamba ategewaye asiwe amekwisha kuambiwa jibu kwa siri. Sharti hilo likivunjwa, hakuna tena mashindano, bali ni maigizo tu. Hapa nataka kueleza jinsi lilivyovunjwa huko Marekani mbele ya macho ya mamilioni ya watu, na jinsi siri ilivyofichuka.

Wamarekani waliyapenda sana mashindano ya maswali tangu yalipoanza kutangazwa katika redio zao katika miaka ya 1930. Mwaka 1938 palianza mchezo ulioitwa Information Please. Katika mchezo huo wasikilizaji ndio waliopeleka maswali, na watu wenye elimu wakajaribu kuyajibu. Naye msikilizaji aliyewashinda kwa swali lake alipewa zawadi. Mwaka 1940 ukaja mwingine, Take It or Leave It. Hapo zawadi ilizidishwa mara mbili kwa kila jibu la kweli, hata ikafika dola 64. Mtu aliweza kuchukua alichokipata akaenda zake, au kujaribu tena na pengine kukosa vyote. Fedha zilikuwa kidogo, na furaha ilikuwa nyingi.

Mambo yaligeuka ilipokuja televisheni. Tarehe 7 Juni 1955 ulianza mchezo ambao zawadi yake kubwa haikuwa dola 64, bali dola 64,000. Gharama zake zililipwa na kampuni ya Revlon, wenye kuuza rangi za midomo na vipodozi vingine. Mamilioni ya watu wakautazama, na bidhaa za kampuni hiyo zikanunuliwa kwa wingi. Makampuni mengine yalipoona hayo, yakataka nayo michezo yao. Basi hapa ndipo mzizi wa ubaya ulipo: aliyelipa gharama hakutafuta elimu, alitafuta watazamaji, na watazamaji hawakai kumtazama mtu asiyejua kitu.

Mwezi wa Septemba 1956 ukaanza mchezo wa Twenty-One. Washindani wawili waliwekwa kila mmoja katika kijumba cha kioo kisichopitisha sauti, ili asisikie majibu ya mwenzake. Usiku wa kwanza mchezo uliendeshwa kwa haki, nao washindani wakakosa maswali mengi, hata mwenye kulipa gharama akakasirika. Tangu hapo wasimamizi wakaanza kuwapa washindani majibu mapema. Kijumba cha kioo kilizuia sauti ya mshindani mwenzake, lakini hakikuzuia yaliyokwisha kusemwa faraghani.

Mmoja wa watu hao alikuwa Herbert Stempel, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa askari hapo kwanza. Msimamizi, Dan Enright, alimpa maswali na majibu yake, akamwagiza avae suti isiyomkaa vizuri, akamfundisha hata namna ya kujipangusa jasho, ili aonekane mnyonge anayepigana na maisha. Akashinda juma baada ya juma. Kisha watazamaji walipoanza kumchoka, akaambiwa sasa aanguke. Tarehe 5 Desemba 1956 aliulizwa ni sinema gani iliyopata tuzo ya kuwa bora kwa mwaka 1955. Jibu lilikuwa Marty. Stempel alilijua sana, maana aliipenda sinema hiyo. Lakini alitaja nyingine, kama alivyoagizwa.

Aliyeshika nafasi yake alikuwa Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, mwana wa mshairi mashuhuri. Huyu alipendwa kupita wote. Wazazi waliwaonyesha watoto wao mfano wake, wakisema, tazameni faida ya kusoma. Mpaka alipotoka katika mchezo mwezi wa Machi 1957 alikuwa amepata dola 129,000. Nayo majibu yake yalikuwa yamepangwa mapema.

Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Mwezi wa Agosti 1958 mchezo mwingine, Dotto, ulisimamishwa baada ya kuonekana daftari la mshindani lenye majibu. Stempel naye akasema hadharani aliyotendewa. Wengi hawakumsadiki, lakini mshindani mwingine, James Snodgrass, alikuwa ameyaandika majibu aliyopewa kabla ya mchezo, akajipelekea mwenyewe kwa posta katika barua zilizoandikishwa, wala hakuzifungua. Barua hizo zilifunguliwa mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1959, na tarehe ya posta ikawa shahidi asiyepingika. Tarehe 2 Novemba mwaka ule Van Doren mwenyewe akakiri mbele ya kamati. Akapoteza kazi yake katika chuo kikuu, na katika televisheni pia.

Huenda msomaji akauliza ni adhabu gani waliyopewa waliopanga udanganyifu huo. Wakati ule hapakuwa na sheria iliyokataza jambo hilo. Walioshtakiwa walishtakiwa kwa kusema uongo baada ya kuapa, si kwa kupanga majibu. Mwaka 1960 ndipo Bunge la Marekani lilipotunga sheria ya kukataza udanganyifu katika mashindano ya namna hiyo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Van Doren alikuwa na elimu ya kweli. Kama angaliingia na akili yake tu, pengine angaliondoka usiku wa kwanza na fedha kidogo, nao wanafunzi wake wangaliendelea kumwamini. Lakini aliazima ujuzi usio wake, na ujuzi wake halisi ukatiliwa shaka pamoja na ule wa kuazima. Basi sisi tunaowatungia watoto maswali ya mashindano, tuwafundishe mapema kusema "sijui" bila kuona haya, na tusimcheke mtoto anayesema hivyo. Mtoto aliyekiri kwamba hajui, kesho atauliza. Lakini aliyenong'onezwa jibu hana sababu ya kuuliza tena.