Baraza la Asubuhi la Marubani wa Glaida

Nahodha wa jahazi na rubani wa glaida ni ndugu wa kazi moja, ijapokuwa mmoja yu baharini na mwenziwe yu angani. Wote wawili husafiri kwa hisani ya upepo. Glaida ni ndege irukayo pasipo nguvu ya injini. Huinuliwa kwa kuvutwa na ndege nyingine au kwa waya wa winchi. Ikiisha kuachiliwa, haina msaada ila mabawa yake marefu na hewa ipandayo. Rubani huitafuta hewa hiyo juu ya miteremko ya milima na chini ya mawingu, akazunguka ndani yake kama mwewe mpaka apate kimo, kisha akakitumia kimo kile kwenda mbele.

Katika mashindano, safari ya siku moja yaweza kuwa ya mamia ya kilomita, na mshindi ni yule aimalizaye kwa kasi kupita wenzake. Lakini wapinzani hawa hawatengani. Hewa njema ikionekana mahali, glaida nyingi huikimbilia, zikazunguka pamoja, moja juu ya nyingine, kwa tofauti ya kimo iliyo ndogo. Hapo kila rubani huuweka uhai wake katika macho na adabu ya mshindani wake. Kwa sababu hiyo imekuwa desturi kuwakusanya wote kila asubuhi kabla ya kuruka, wakae katika baraza moja, waelezwe hali ya hewa, safari ya siku na hatari zake. Katika miaka hii limezuka swali ambalo wazee wa mchezo huu hawakuliwaza: je, baraza hilo laweza kuhamia katika kioo cha simu? Jibu lake halipatikani kwa kutazama simu. Hupatikana kwa kutazama baraza lilitoka wapi.

Asili yake ni kilima. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwabana Wajerumani katika mambo ya ndege zenye injini. Vijana wao waliopenda kuruka wakaugeukia upepo. Mwaka 1920 Oskar Ursinus, mhariri wa gazeti lililoitwa Flugsport, aliwaita wakutane Wasserkuppe, kilima chenye kimo cha mita 950 katika milima ya Rhön. Walikuwa wachache wa watu na wachache wa fedha. Wolfgang Klemperer, katika ndege iliyopewa jina la Shetani Mweusi, alikwenda kilomita 1.83 kwa dakika 2 na sekunde 22, na safari hiyo ikahesabiwa kuwa kubwa. Katika mashindano hayo hayo Eugen von Lössl alianguka akafa. Furaha na msiba vilikuwa mbele ya macho ya wote. Hapakuwa na haja ya kuitisha baraza, maana kilima chenyewe kilikuwa baraza: aliyeruka aliruka mbele ya wenzake, na aliyeanguka alianguka mbele yao.

Mwezi Agosti 1922 mambo yaligeuka. Arthur Martens alikaa angani zaidi ya saa moja katika glaida iitwayo Vampyr, na siku chache baadaye Friedrich Hentzen akapita saa tatu katika ndege ile ile. Mwaka 1926 Max Kegel alinyakuliwa na wingu la radi, akachukuliwa hata akatua kilomita 55 mbali na alipoanzia. Safari yake ilifundisha kwamba angani mna nguvu kubwa kuliko ile ya upepo upigao ubavu wa kilima, na kwamba atakaye kuitumia hana budi kuijua. Profesa Walter Georgii, mjuzi wa hali ya hewa, aliongoza uchunguzi wa mambo hayo huko Rhön. Ndivyo elimu ya hewa ilivyoingia katika mchezo. Tena, glaida zilipoanza kutoweka nyuma ya upeo wa macho, kilima hakikuweza kuwa baraza tena. Yaliyokuwa yakionekana sasa yalihitaji kusemwa, na kusemwa kabla ya kuruka.

Haja hiyo ilizidi wageni walipokuja. Mwaka 1937 Wasserkuppe ilipokea marubani wa mataifa mbalimbali, na Heini Dittmar wa Ujerumani akashinda katika mashindano yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya dunia. Vita vikakatiza. Mwaka 1948 mashindano yalirudi, mara hii Samedan, katika milima ya Alps ya Uswisi. Per Axel Persson wa Uswidi alishinda, lakini ushindi huo ulifunikwa na vifo vya Waingereza wawili. Donald Greig aligonga waya mlimani. Christopher Nicholson, aliyekuwa mashuhuri kwa sanaa ya kubuni majengo, aligonga mlima wenyewe. Waya uliotandwa juu ya bonde ni kitu chembamba. Rubani auonapo mara nyingi amekwisha chelewa. Mwenyeji hujua ulipo kama mtu ajuavyo kizingiti cha nyumba yake. Mgeni hana njia ya kuujua ila kuambiwa, wala kuambiwa hakumfai asipoelewa, na msemaji hana njia ya kujua kama ameeleweka ila kumtazama usoni.

Katika miaka iliyofuata baraza lilipata sura ambayo marubani wa nchi nyingi huitambua. Aghalabu huanza yapata saa nne asubuhi, katika banda la ndege au hema kubwa. Mshindi wa jana hupigiwa makofi, akaeleza alipata wapi hewa njema na alikosea wapi. Mtabiri wa hali ya hewa husimama akasema hewa itaanza kupanda saa ngapi, mawingu yatakuwa na kimo gani, na mvua ya radi yaweza kutokea upande gani. Msimamizi hutangaza safari na vituo vyake, utaratibu wa kuruka, mahali palipokatazwa angani, na njia ya kurudi kutua. Mwisho huja neno la usalama. Hapo ndipo kosa la jana hutajwa, pengine pasipo jina la mkosaji. Mmoja huinamisha macho, mwingine hujikohoza. Baraza likiisha, watu wawili huonekana nyuma ya banda wakizungumza kwa viganja, kiganja kimoja juu ya kingine, wakionyeshana jinsi glaida zao zilivyokaribiana. Mazungumzo hayo ya viganja hayamo katika ratiba yoyote, lakini huenda ndiyo yaliyookoa watu wengi zaidi.

Hata hivyo kila chombo kipya kilichukua sehemu ya kazi ya baraza. Redio ilimwezesha msimamizi kusema na marubani waliokwisha kuruka. Katika miaka ya 1990 vyombo vya satelaiti vilishika mahali pa kamera katika kushuhudia kwamba rubani amefika kituoni, navyo vikaondoa haja ya kulinganisha saa za mkononi kila asubuhi. Mwaka 2004 kilitoka Uswisi chombo kiitwacho FLARM, chenye kuwaonya marubani wanaokaribiana. Kisha intaneti ikaleta utabiri wa hewa mpaka kitandani mwa rubani kabla hajanawa uso. Alipofika barazani, habari nyingi alikuwa nazo tayari, na wengine wakaanza kunung'unika kwamba wanaketishwa kusikiliza wanayoyajua.

Pigo kubwa lilikuja mwezi Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba maradhi ya UVIKO-19 yamekuwa janga la ulimwengu. Mashindano ya dunia yaliyopangwa mwaka huo yaliahirishwa. Pale ambapo mashindano madogo yaliruhusiwa, ilionekana ajabu moja: rubani aliye peke yake ndani ya glaida ya kiti kimoja hakuweza kumwambukiza mtu angani, bali barazani, mahali palipowekwa kwa ajili ya usalama, ndipo palipokuwa na hatari. Basi baraza likahamia katika intaneti. Msimamizi alisema mbele ya kompyuta, ramani zikaonekana katika simu, na marubani wakasikiliza wakiwa kando ya magari na mahema yao. Maradhi yalipopungua, baadhi ya waandaaji walirudi bandani, na wengine hawakuona sababu ya kurudi.

Hao wasiorudi hawakosi hoja. Katika banda, aketiye nyuma haoni ramani. Katika simu kila mtu huketi mbele. Utabiri wa saa nne waweza kuwa umechakaa ifikapo saa sita, na ujumbe wa simu huusahihisha mara moja. Mashindano ya kimataifa huendeshwa kwa Kiingereza, na rubani ambaye lugha hiyo si yake aweza kuyarudia maelezo yaliyohifadhiwa mara mbili na mara tatu pasipo kuona haya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Neno lililoandikwa haliwezi kukanwa jioni kwamba halikusemwa asubuhi. Tena muda unaookolewa hutumiwa kuunga mabawa na kukagua ndege, nayo ni kazi ya usalama vilevile.

Lakini mizani ina sahani mbili. Kompyuta yaweza kuhesabu majina yaliyohudhuria. Haiwezi kusema nani alisikiliza na nani aliacha simu ikisema juu ya bawa huku yeye akifunga bolti. Ni kweli kwamba hata bandani mtu husinzia, ila mwenye kusinzia bandani huonekana. Msimamizi mwenye uzoefu huziona nyuso: huyu hakulala, yule ana homa, hawa wawili tangu jana hawasalimiani. Kijana mgeni akisikia mwingine akiuliza swali ambalo yeye aliliogopa, hujifunza kwamba kuuliza si ujinga. Na aliyemkata mwenziwe njia jana hulazimika kuketi safu moja naye leo. Katika kioo mkosaji huzima kamera, akabaki jina tupu, na ni vigumu mtu kulionea jina haya au huruma. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa hiyo wanaobishana juu ya jambo hili wanabishana juu ya vitu viwili vilivyofungwa katika kitambaa kimoja. Kazi ya kwanza ya baraza ni kupasha habari, nayo imekwisha hama. Kuirudisha bandani kwa nguvu ni kuwachosha watu asubuhi ya siku ndefu. Kazi ya pili ni kuwafanya wapinzani wajuane kabla hawajakutana katika mkondo mmoja wa hewa, ambako hakuna nafasi ya kutambulishana. Kazi hiyo ilianza pale Wasserkuppe, wachache walipoangaliana kwa macho, na hakijapatikana bado chombo cha kuifanya badala ya watu wenyewe. Yafaa basi ramani, utabiri na vituo vitumwe mapema kwa simu, kisha wote wakutane kwa dakika chache tu, wasikie neno la usalama wakiwa wamesimama pamoja, na waachiwe muda wa kuzungumza kwa viganja. Saa sita glaida zitakapopangwa uwanjani kusubiri ndege za kuvuta, kila rubani atafunga kifuniko cha kioo juu ya kichwa chake na kuwa peke yake. Ni heri awe ameziona kwanza nyuso za wale atakaozunguka nao.