Vijiti Vitano na Umbo la Pembe Nne

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwasimulia habari ya fumbo dogo la hesabu lililozaliwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, katika mwaka wa 1933, nalo halijamalizika hata sasa.

Simikeni vijiti vitano chini po pote mpendapo, ila visiwepo vitatu katika mstari mmoja ulionyoka. Binti mmoja, Esther Klein, aliwaonyesha rafiki zake kwamba havikosekani vinne vifanyavyo umbo la pembe nne lisilobonyea ndani.

Sababu ni hii. Zungusheni uzi nje ya vijiti vyote, mkaukaze. Ukigusa vinne au vitano, kazi imekwisha. Ukigusa vitatu tu, viwili vimebaki ndani: pigeni mstari upitao katika hivyo viwili. Katika vile vitatu vya nje, viwili havina budi kuwa upande mmoja wa mstari. Hivyo, pamoja na vile vya ndani, ndivyo vinne tuvitafutavyo.

Akauliza tena: Je, kwa pembe tano, sita, au zaidi, vyatakiwa vijiti vingapi? Ilionekana kwamba kwa pembe tano ni 9. Tena katika mwaka wa 1935 Paul Erdős na George Szekeres walithibitisha kwamba hata pembe ziwe nyingi namna gani, iko idadi itoshayo.

George na Esther walioana mwaka 1937. Kwa hiyo Erdős akaliita fumbo lile Mwisho Mwema. Walakini wao walikuwa Wayahudi, na hatari ilikuwa ikiwazunguka Wayahudi wa Ulaya. Wakakimbilia Shanghai, nchi ya China, wakakaa huko miaka ya vita kwa taabu. Mwaka 1948 wakahamia Australia, wakafundisha hesabu. Walifariki Adelaide siku moja, tarehe 28 Agosti 2005, wala saa nzima haikupita kati yao.

Mwaka uliofuata ilichapishwa kazi ya George na mwenzake, iliyothibitisha kwa msaada wa kompyuta kwamba kwa pembe sita vyatosha vijiti 17. Kwa pembe saba, yajulikana kwamba 32 havitoshi. Yadhaniwa kwamba 33 vyatosha, bali hakuna aliyethibitisha.

Basi, ninyi wanafunzi, msilidharau swali dogo. Wale wawili waliacha nyumba na nchi yao, lakini swali lao hawakuliacha.