Mwani dhidi ya mgandamano wa protini

Viambato vya mwani vinavyozuia mgandamano wa protini ni kemikali asilia, nyingi za mwani wa kahawia, zinazochunguzwa kama kinga au tiba ya maradhi ya ubongo. Katika maradhi hayo protini hujikunja visivyo, zikashikana na kuwa nyuzi: beta-amiloidi katika Alzheimer, alfa-sinukleini katika Parkinson. Vinavyotajwa zaidi ni fukoidani, fukozanthini na florotanini, kama ile iitwayo dieckol ya mwani Ecklonia cava wa bahari za Korea na Japani. Maabarani vimezuia nyuzi hizo kujijenga, lakini ushahidi huo ni mwepesi kuliko sifa zinazovumishwa.

Kipimo kilichozoeleka ni rangi ya thioflavini T, ambayo hung'aa kijani inaponasa kwenye nyuzi. Mng'ao ukififia, huhesabiwa kuwa mgandamano umezuiwa. Kumbe florotanini zenyewe zaweza kufyonza mwanga, au kuipokonya rangi nafasi yake, mng'ao ukapungua na nyuzi zipo pale pale. Matokeo yasiyohakikiwa kwa hadubini ya elektroni hayatoshi. Hata yakihakikiwa, molekuli kubwa kama fukoidani hupita kwa shida kutoka utumbo kuingia damuni, sembuse kuvuka kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo.

Watetezi hujibu kwamba si lazima dawa ifike ubongoni, na mfano wao ni oligomanati ya sodiamu, itokanayo na mwani wa kahawia. China iliiidhinisha kwa masharti Novemba 2019, baada ya jaribio la wagonjwa 818 wa Alzheimer kwa wiki 36. Watafiti wake walieleza kuwa hutuliza uvimbe wa ubongo kwa kurekebisha bakteria wa utumbo. Hoja hiyo ina haki ya kusikilizwa. Hata hivyo, wiki 36 ni chache kwa ugonjwa unaokwenda miaka, na jaribio la kimataifa ambalo lingeondoa shaka lilisitishwa 2022 kabla ya kukamilika.

Yapo pia madai yanayohusu pwani yetu. Spinosum na cottonii zinazolimwa Unguja na Pemba, kazi inayobebwa zaidi na wanawake, ni mwani mwekundu. Thamani yake sokoni ni karajinani ya kuzitia uzito bidhaa kama maziwa na dawa ya meno. Florotanini ni za mwani wa kahawia tu. Anayeuziwa unga wa spinosum kwa sifa za florotanini anauziwa kisichomo.