Kila kifungu kina kisa: miaka mia moja ya waajiri na sheria za kazi

Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, enzi za Waingereza, mkataba wa kazi ulikuwa kadi yenye vyumba 30. Kila siku manamba, yaani kibarua wa mkataba, alipomaliza ngwe yake, chumba kimoja kilitiwa alama. Siku hizo 30 za kazi zilipaswa kukamilika ndani ya siku 42, na mshahara ulitoka kadi ikishajaa. Watu waliiita kipande. Nyuma yake ilisimama sheria ya mwaka 1923 ya mabwana na watumishi wenyeji, iliyomfanya anayetoroka kazi kuwa mkosaji wa kutozwa faini au kufungwa jela. Mwajiri wa wakati ule hakuhangaika kufuatilia sheria, kwa kuwa ilitungwa kwa ajili yake.

Leo mwenye kiwanda kidogo Mwanza au duka la dawa Morogoro hana raha hiyo. Hajamaliza kuzoea kanuni moja, nyingine imetangazwa. Manung'uniko yake yana msingi. Hata hivyo, ukizifuata sheria hizi tangu mwanzo, unaona kwamba hazikuwahi kubadilika ovyo. Kila kifungu kina kisa chake, na mwajiri anayekijua kisa hicho hukielewa kifungu upesi.

Kisa kimojawapo kikubwa kilianzia bandarini. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukafuata njia ya reli hadi miji ya bara. Serikali ya kikoloni ikatambua kwamba faini na jela hazitoshi kuendesha uchumi. Mwaka 1955 ikatungwa Sheria ya Ajira, iliyoanza kutumika 1957. Mwaka huohuo wa 1955 vyama vya wafanyakazi viliunda shirikisho lao, TFL, katibu mkuu akiwa Rashidi Kawawa, baadaye Waziri Mkuu. Waajiri nao waliona kwamba hakuna anayeweza kukabili hali mpya peke yake. Mwaka 1960 wakaanzisha umoja wao, ambao leo ni Chama cha Waajiri Tanzania, ATE.

Uhuru ulileta kasi. Mwaka 1962 malipo ya kiinua mgongo yakawekewa sheria, na mwaka 1964 ikaja Sheria ya Usalama wa Ajira, iliyogusa mamlaka ya mwajiri kuliko zote zilizotangulia. Makosa ya kazini yaliorodheshwa, na kila kosa likapangiwa adhabu yake. Kamati za wafanyakazi zikapewa nafasi katika masuala ya nidhamu. Bosi hakuweza tena kumwambia mtu "kesho usije" na mambo yakaishia hapo.

Sheria hiyo ilikuwa na kasoro yake. Migogoro ya kuachishwa kazi ilipelekwa kwenye mabaraza ya usuluhishi, rufaa ikaishia kwa Waziri, na mahakama zikafungiwa mlango. Mwaka huohuo vyama vyote viliunganishwa kuwa kimoja, NUTA, kilichokuwa karibu na chama tawala. Mfumo huo uliendana na nchi iliyokuwa ikielekea kwenye uchumi wa mashirika ya umma. Mashirika hayo yalipoanza kubinafsishwa katika miaka ya 1990, na watu wengi kupunguzwa kazini, ilidhihirika kwamba sheria zimepitwa na wakati.

Jibu lilikuwa sheria mbili za mwaka 2004: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7. Zilifuta sheria nyingi za zamani kwa mpigo, ikiwamo ile ya 1955. Saa za kawaida za kazi zikawekewa ukomo wa 45 kwa wiki. Likizo ya mwaka ikawa siku 28, na ya uzazi siku 84, au 100 kwa anayejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kumwachisha mtu kazi kukahitaji mambo mawili kwa pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki. Jukumu la kuthibitisha hayo ni la mwajiri. Anayeona ameonewa ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zanzibar, ambako masuala ya kazi si ya Muungano, ilitunga sheria yake ya ajira mwaka 2005.

Tangu hapo marekebisho hayajakoma. Mwaka 2008 ilitungwa sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia au kuugua kutokana na kazi. Mwaka 2015 ikaja ya ajira za wageni. Kima cha chini cha mshahara hupangwa kwa sekta, kupitia amri za Waziri zinazochapishwa katika Gazeti la Serikali. Mwaka 2021 Bunge liliamua Kiswahili kiwe lugha ya sheria, hatua muhimu kwa maelfu ya waajiri wasio na mwanasheria. Mwaka 2025 mama anayejifungua mtoto njiti akaongezewa muda wa likizo.

Kwa hiyo mwajiri makini ana milango mitatu ya kuangalia: Bunge, matangazo ya Waziri, na hukumu za Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Aandike mikataba, atunze kumbukumbu za likizo na za vikao vya nidhamu, na aulize mapema kwa ofisa kazi au kwa chama chake. Kisha asikilize manung'uniko ya wafanyakazi wake kabla hayajafika kwenye Tume. Makuli wa 1947 walilalamika miaka kadhaa kabla sheria haijawajibu. Wasaidizi wa nyumbani na vijana wanaosambaza mizigo kwa pikipiki wanalalamika leo. Mwajiri anayewatendea haki sasa hatakuwa na la kuhofia sheria ijayo itakapotangazwa.